Shubiri Moja na Vidole Viwili

Saa kumi na mbili na robo, Tongoni,
nimepiga magoti kwenye jaruba la Bi Mishi.
Keekee inazama ikisaga mchanga kama meno ya mtu aotaye.
Naivuta. Naulaza udongo juu ya mfuko wa saruji uliopasuliwa:
juu mweusi,
katikati kijivu cha jivu la chunguni,
chini rangi isiyomo kitabuni.
Kitabu cha rangi kina vidirisha; nachungulia kimoja kimoja
kama mpangaji anayetafuta chumba.

Natia punje ulimini. Ripoti haina safu ya ladha.

Shekolowa naye anapima udongo.
Tulikaa dawati moja chuoni;
yeye akapata ufadhili, mimi nikapata mimba.
Sasa yuko kaskazini ya kaskazini,
ambako jua la Juni halijui kutua,
na ananitumia sauti yenye upepo ndani yake:
*Nachoma chuma. Kinapita kuvu, kinapita mizizi,
kinapita tope, halafu, ngo!
Barafu. Hapo natia alama kwa kidole.*

Barafu ya ardhini, si ya juu.
Iliganda kabla babu wa babu hajapewa jina.
*Huku chini hakuyeyuki,* alisema mara ya kwanza,
akanyamaza, akajirekebisha:
*Hakukuwa kukiyeyuka.*

Daftari lake ni la sentimita,
lakini kwangu hutuma kwa mkono,
maana kupima alifundishwa na mama yake,
muuza vitambaa wa barabara ya kumi na nne, Ngamiani:
*Mwaka ule chuma kilizama dhiraa.
Mwaka huu dhiraa, shubiri moja
na vidole viwili.*

Vidole viwili. Nilicheka. Nani hulilia vidole viwili?

Kisha umeme ukakatika, Jumatatu mpaka Jumatano.
Dada yangu Sauda anauza barafu za ukwaju.
Tulipofungua friza, vifuko vilivyolala vimejipanga
vilikuwa vimeegemeana, vinatoka jasho,
ukwaju umejitenga na maji yake.
Umeme uliporudi viliganda tena,
vimepinda, vimeng'ang'aniana,
hakuna kilichorudi na umbo lake.
Na harufu. Samaki wa wiki iliyopita
aliyekuwa kimya chini kabisa
akaanza kusema.

Usiku ule niliitazama upya picha aliyonitumia:
nyumba ya mbao imeinama
kama mtu anayetega sikio ukutani.

Kwenye semina mwezi wa tatu, mkufunzi alinipa kalamu nyekundu,
nichore mshale kutoka udongo wa Shekolowa mpaka wangu.
Sikuchora.
Mimi nina visima kumi na kimoja na majaruba manne.
Bahari inaingia, hilo nimeliona.
Ilikotoka na iliyoyapitia, waulizwe wenye vipimo vya bahari.
Kalamu niliondoka nayo, lakini.

Bi Mishi anakuja na chai ya mchaichai,
anasimama tutani, hataki kukanyaga kazi yangu.
"Imesemaje mashine?"
"Tano nukta sita."
"Hiyo ni homa?"
Nafikiri kidogo.
"Ni homa."
"Basi mpunga utaweweseka," anasema,
na kunimiminia kikombe.
Hajauliza dawa. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali la dawa.

Kabla sijafukia shimo nautia mkono ndani.
Maji yako shubiri mbili kasoro.
Havifanani na vya Shekolowa, havikaribiani hata,
yeye anatafuta kigumu, mimi nakuta majimaji.
Namtumia hivyo hivyo.
Tiki moja ya kijivu. Huko pengine mtandao nao umeganda.

Jioni nakanda unga. Nimenawa mara tatu.
Mwanangu anamega chapati, anatafuna, ananitazama:
"Mama, leo chumvi umezidisha."

Leo sikutia chumvi.
Naangalia chini ya kucha.